Pikapu ya Mhehe na Mnyororo Wangu

Ninyi vijana mlioajiriwa juzi kusimama kwenye mageti ya maghorofa ya Dodoma, na fulana zenu zinazong'aa na mashine ya kusoma namba za magari mkononi, salamu zenu zimenifikia huku Gulwe. Nimesikia pia mnavyosema kwamba sisi wazee tulikuwa tunavuta magari ya watu kwa kubahatisha. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama niko salama. Haya, sogezeni viti niwaeleze tulivyokuwa tunabahatisha.

Kazi hii sikuisomea. Nilitoka hapa Gulwe nikiwa kijana, nikaenda Dodoma kutafuta kibarua, nikapata utingo kwenye brekdauni ya Mzee Athumani, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa anaegesha pale Majengo jirani na wauza mahindi na karanga. Ile brekdauni ilikuwa nzee kuliko mimi. Ilikohoa sana kabla ya kuwaka, na kuna siku gari tuliloitwa kulivuta ndilo lililotuvuta sisi mpaka gereji. Lakini Mzee Athumani alikuwa fundi hasa. Sikumbuki gari la mtu aliloliachia mkwaruzo.

Somo lake la kwanza lilikuwa la boneti. "Kabla hujagusa mnyororo, weka kiganja kwenye boneti," aliniambia. "Ikiwa ya moto, mwenyewe hajaenda mbali. Piga honi, subiri. Ikiwa imepoa, anza kuulizia." Nikalishika somo. Kesho yake, jua la saa saba limesimama utosini, akanituma nikaangalie gari lililoziba mlango wa ghala la mtu. Nikaweka kiganja, nikakitoa mbio, boneti inachoma! Nikajua mwenyewe yuko hapo hapo. Nikatafuta kivuli, nikakaa. Nilikaa mpaka wauza karanga wakaanza kufunga magunia. Mzee Athumani alipokuja kunitafuta akainua ile boneti, na ndani hamkuwa na injini. Gari lilitelekezwa pale na fundi tangu kiangazi kilichopita, na joto lile lilikuwa la jua la Dodoma tu. Pale Majengo nilikaa nikiitwa Boneti kwa muda mrefu, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo nikienda kununua mbegu.

Tangu siku hiyo kiganja changu hakiendi juu. Kinaingia kwa chini, kwenye rejeta, ambako jua halifiki. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, mashine au hakuna mashine. Na kabla ya kufunga chochote, zungukeni gari lote. Tazameni matairi yameelekea wapi. Tazameni kama ni la otomatiki, maana nasikia siku hizi mnaburuta magari ya otomatiki na magurudumu yanayovuta yakiwa chini, mnaunguza gia za watu halafu mnasema lilikuwa bovu tangu mwanzo. Tazameni na ndani. Ukiona kiti cha mtoto na chupa ya maziwa bado ina maziwa, mama yake yuko kwenye ngazi hapo juu, amebeba mtoto na mizigo, na ukimvutia gari siku hiyo atakukumbuka maisha yake yote.

Serikali ilipohamia Dodoma kwa kishindo, maghorofa yakaanza kujengwa kila upande, nami nikaajiriwa kuwa msimamizi wa maegesho kwenye makazi fulani upande wa mashariki wa mji. Jina la makazi siwatajii, kwa sababu wakazi wake bado wapo na baadhi yao bado wamenuna. Utaratibu wenyewe mnaujua: kila nyumba nafasi moja yenye namba, na kibali kimoja, yaani stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Gari lisilo na stika likilala ndani, nalifunga gurudumu kwa mnyororo na kufuli. Mwenyewe akikaidi, linavutwa mpaka yadi. Huko jina la Boneti halikunifuata, nikawa Babu Mnyororo. Hata watoto wa pale wakichora gari walilichora na mnyororo.

Watu walinijaribu, si mchezo. Kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya pili mwenye magari mawili na stika moja. Alikuwa anaibandika kwa nje, kwa sabuni ya mche, anaihamisha kutoka gari hili kwenda lile kadiri anavyotaka. Nami nilikuwa napita pale kila siku namsalimia vizuri. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga, stika ikaanza kuteleza polepole kwenye kioo mpaka ikatua kwenye waipa, na kioo chote kikatoa povu. Yule mama alikuwa amesimama barazani anatazama. Nikamwambia, "Mama, gari lako linajifua lenyewe." Hakunisamehe. Wengine walitoa kopi za rangi, lakini hao hawakunisumbua, maana stika halisi jua linaanza kuipausha pembeni, ikienda taratibu kuelekea katikati, na ile ya kopi inapauka yote kwa mara moja. Na wapo waliokuwa wanashusha kioo kidogo na kuniuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Nilikuwa najibu, "Nakujua sana, mheshimiwa, ndiyo maana nakuomba kwa heshima zote usogeze gari." Nane kati ya kumi walisogeza. Sawa, hiyo nane nimeibuni, lakini wengi walisogeza.

Sisemi kwamba mashine zenu ni mbaya. Ningekuwa nayo moja wakati ule, miguu yangu isingekuwa hivi leo. Mashine itakuambia gari hili lina kibali na lile halina. Ila kuna maswali mengine lazima uyaulize kwa mdomo wako, na ndiyo maana nataka kuwapa kisa cha pikapu ya Kikoti.

Kikoti alikuwa Mhehe wa Kilolo, afisa wa idara mojawapo ya serikali, aliyehamishiwa Dodoma na mkewe, Mama Neema, na watoto wao. Alikuja na pikapu ya buluu ambayo mlango wa abiria ulifunguka kwa ndani tu. Siku ya kwanza anaingia getini nilimwomba kibali, akanisikiliza ninavyoongea, akaniuliza, "Wewe Mgogo?" Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Akasema, "Basi acha mambo ya mheshimiwa. Mimi mtani wako." Akazima gari hapo hapo katikati ya geti, foleni nyuma yake inapiga honi, akashuka kuja kunishika mkono.

Kuanzia hapo kila asubuhi ilikuwa ni vita. Mimi namwanza kwa salamu ya kwao: "Kamwene, Mhehe! Hiyo takataka inatoka yenyewe au niite brekdauni?" Yeye anajibu kwa ya kwetu: "Mbukwenyi, Mgogo! Nikupe lifti, au unabaki hapo getini kuomba?" Akirudi jioni tunaendelea tulipoishia. Siku moja nilimwambia, "Siku ukifa, Mhehe, hii pikapu naivuta mwenyewe mpaka Gulwe, naifanya banda la kuku." Hakufikiria hata kidogo. Alisema, "Chukua na stika yake kabisa, kuku wako wasije wakafungwa mnyororo." Tulicheka mpaka akashindwa kuweka gia.

Meneja wetu wa makazi, Dada Frida, msichana aliyekulia Dar na aliyependa kazi yake, aliyasikia hayo akaniita ofisini. Akaniambia kwa upole kwamba kumtajia mkazi kifo chake ni kinyume cha maadili ya kazi. Nikamweleza kwamba ni utani wa makabila, kwamba Wagogo na Wahehe ni watani tangu mababu, na mtani ana haki ya kusema kile ambacho ndugu hawezi. Akasema, "Sawa, Mzee Elia, lakini si getini." Tukahamia pembeni ya geti.

Halafu Kikoti akafa. Aliugua kidogo tu, akalazwa, na tukiwa bado tunapanga nani aende kumwona, habari zikaja. Walimsafirisha kwao Kilolo wakamzika huko. Mimi nilibaki getini kwa kuwa hakukuwa na wa kunishika zamu, na niseme ukweli, kubaki huko getini kulinifaa. Mnajua wenyewe kazi ya mtani msibani. Anaingia bila hodi, anavaa kofia ya marehemu, anamwigiza anavyotembea, anadai mali, anawachokoza wafiwa mpaka wacheke, kwa sababu mtu aliyecheka anaweza kula, na aliyekula anaweza kulala. Mimi nilikuwa sina neno hata moja. Kila nilipotafuta la kusema lilikuja lile la banda la kuku. Nilimpenda yule mtu. Nilikuwa na ndugu wa tumbo moja ambao sikuwahi kucheka nao hivyo.

Baada ya mazishi Mama Neema alirudi Dodoma kwa sababu ya shule za watoto. Alirudi na mama mkwe wake, Bibi Kikoti, ambaye ukoo ulimweka pale kuwa macho yao mpaka wazee waje kumaliza msiba na kugawa mali. Agizo lilikuwa moja: kitu chochote cha marehemu kisiguswe mpaka siku hiyo. Tena mashemeji walikuwa wameshaanza maneno huko nyumbani, kwamba mjini mali ya marehemu huyeyuka, kwamba mjane atauza vitu usiku na mchana aseme vimeibiwa. Kwa hiyo pikapu ilibaki kwenye nafasi yake, vumbi likiipanda. Siku ambayo ingeonekana haipo pale, Mama Neema hangekuwa na la kujitetea mbele ya ukoo, na angewekwa kando yeye na wanawe. Bibi Kikoti alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha kutwa nzima akiitazama ile pikapu. Hakuongea na mtu. Chakula walimbembeleza kama mtoto.

Sasa sikieni balaa. Chemba ya majitaka ikaziba. Maji machafu yakaanza kupanda kwenye vyoo vya nyumba za chini, yakatoka mpaka kwenye ujia ambako watoto wanachezea. Gari la kunyonya majitaka likaja, vijana wakashuka na mipira yao, wakauliza mfuniko wa chemba uko wapi. Nilijua ulipo. Aliyechora ramani ya maegesho yale, sijui alikuwa anawaza nini, alikuwa ameipitisha nafasi ya Kikoti juu ya mfuniko kabisa. Pikapu ilikuwa imeukalia.

Dada Frida akanijia. "Mzee Elia, tafadhali ivute, isogee kidogo tu."

"Hii siwezi, dada," nikamwambia.

"Ina handbreki?"

"Ina kila kitu. Lakini haiguswi. Msiba haujaisha."

Akapanda mwenyewe kwenda kumwomba Mama Neema. Alirudi macho mekundu. Mama Neema alimwambia anaelewa, hata nyumba yake yeye inanuka, lakini ruhusa si yake kuitoa, na mwenye ruhusa amekaa dirishani hafungui mdomo. "Nifanye nini, Mzee?" Dada Frida akaniuliza. "Chini kuna mtoto mchanga. Watu wanapita juu ya kinyesi wamebeba ndoo za maji ya kunywa." Na alikuwa na haki. Vijana, msije mkamsimulia huyu dada kama mtu mbaya. Pikapu ilikuwa lazima iondoke na ilikuwa lazima isiguswe, yote mawili, na yeye ndiye aliyekuwa amebanwa katikati.

Akapiga simu, ikaja brekdauni kutoka mjini. Dereva wake alikuwa jitu la miraba minne, limevaa ovaroli, halina maneno. Likarudi kinyumenyume vizuri, likashusha ndoano, likainama chini ya bampa. Hapo ndipo Mama Neema aliposhuka ngazi mbio, peku, kanga inaburuzika, akajisimamisha mbele ya pikapu akiwa ameshikilia boneti kwa mikono miwili.

"Mkiiondoa hii mmeniondoa na mimi," alisema. "Nitawaambia nini kwao? Niambieni ninyi, nitawaambia nini?"

Watu wakajaa. Wa chini wanalalamika, wa juu wanalia, Dada Frida anajaribu kueleza. Yule dereva akainuka taratibu, akajifuta mikono. "Marehemu alikuwa kabila gani?" akauliza.

"Mhehe," nikamjibu.

Akaitazama ndoano yake kama imemchoma, akaiachia. "Mimi ni Mhehe, mzee wangu. Huyu ni ndugu yangu. Siwezi kushika kitu chake wazee hawajakaa, hata mkinipa gari zima." Akamgeukia Dada Frida. "Lakini dada, mmeniita mimi wa nini? Hapa si Dodoma? Tafuteni Mgogo. Mtani wake akiigusa hakuna atakayesema neno."

Basi macho yote yakanigeukia. Hata yule mama wa sabuni, kutoka barazani kwake, alinyoosha kidole.

Nilipanda zile ngazi. Nilikuwa sijui nitasema nini. Mlangoni kwa Kikoti, badala ya kubisha hodi, nikausukuma mlango kwa kiganja ukagonga ukuta. Sebuleni kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Kofia yake ya majani ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Nikaichukua, nikaivaa, nikaenda kujitupa kwenye kiti chake na miguu nikainyoosha mezani, kama nilivyojua kwamba yeye alikuwa anafanya.

"Kamwene humo ndani!" nikapaza sauti. "Chakula kiko wapi? Mhehe kaondoka bila kuniaga, ana deni langu la maneno, na nimekuja kuchukua pikapu yangu!"

Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Dada Frida alikuwa amenifuata, akasimama mlangoni akitikisa kichwa kuniambia niache, niache. Bibi Kikoti akageuza uso kutoka dirishani. Nilipaswa kumpa shikamoo, mama yule ni sawa na mama yangu, lakini mtani akishaingia kazini hatoi shikamoo. Nikaendelea kumtazama chini ya ile kofia.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mgogo wa Gulwe. Mwanao aliniahidi pikapu, nikaifanye banda la kuku."

"Banda la kuku?"

"Ndiyo. Tena aliniambia nichukue na stika yake, kuku wasije wakafungwa mnyororo."

Akasema, kwa sauti iliyokauka, "Mgogo ana kuku? Tangu lini? Si huwa mnaomba mpaka yai?"

Na akacheka. Kicheko kilimtoka mara moja, kikamtikisa mabega, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Wanawake wote wakapasuka, wengine wanacheka, wengine wanalia, mwingine akaanza kunipiga na kanga akidai niishushe miguu. Mimi machozi yalikuwa yanatiririka chini ya kofia ya Kikoti na mdomo unaendelea kudai chakula.

Bibi Kikoti alipotulia alinishika mkono. "Nimekaa hapa nakusubiri," akasema. "Kila siku nalitazama lile geti. Nikawa najiuliza, ina maana mwanangu kaishi Ugogo kote huku bila mtani? Nikasema, basi aliishi peke yake. Hilo ndilo lililokuwa linaniua."

Nikavua kofia, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Akafungua fundo la kanga yake, ndani yake mkawa na ufunguo wa pikapu. Muda wote ule alikuwa analala nao. Akanipa masharti: usukani nifungue, injini nisiiwashe, kwa sababu wa kuiwasha atatajwa na wazee. Na isitoke nje ya geti. Nikamwambia nitaiweka pale penye nafasi ya wageni, chini ya dirisha lake kabisa, ataiona bila kunyanyuka. Ndipo alipomwita mjukuu wake Neema ampigie baba yake mdogo simu. Akaongea kwa Kihehe kwa ukali ambao sikudhani anao. Neema alinitafsiria baadaye. Alisema pikapu imesogezwa na mtani, ameona kwa macho yake, ufunguo kautoa kwa mkono wake, na mwenye neno juu ya mkwe wake aje amwambie yeye.

Tulishuka wote. Yule dereva wa brekdauni alikataa kabisa kugusa hata kamba, akafunga mikono nyuma na kuniachia winchi yake niiendeshe mwenyewe. Niliivuta ile pikapu kama Mzee Athumani anasimama nyuma yangu. Niliizunguka kwanza. Nikafungua usukani, nikanyoosha matairi, nikaitoa kwenye gia, nikainyanyua kidogo tu. Na muda wote nilikuwa namtukana Kikoti kwa sauti kubwa: Mhehe gani huyu, kaacha kigari kizito hivi, kajaza mawe ya Kilolo au nini? Watoto wakawa wanashangilia kama harusini. Mama Neema alitembea ubavuni mwa pikapu, mkono juu ya mlango ule usiofunguka kwa nje, mpaka nilipoitua.

Chemba ikafunguliwa. Mnataka kujua ilizibwa na nini? Mnyororo wangu. Mnyororo wa gurudumu, na kufuli lake, umekatwa na kuviringishwa kwenye taulo. Ulikuwa umepotea siku nyingi, na mimi nilidhani umeibwa. Aliyeuzamisha humo hakujitaja, lakini nilipoinua macho kule ghorofa ya pili, baraza ilikuwa tupu na mlango umefungwa.

Dada Frida alinifuata jioni hiyo kwenye kiti changu. Hakusema habari za maadili. Aliuliza tu, "Mzee, na mimi mtani wangu ni nani?" Nikamwambia ampigie simu baba yake amuulize, na akaipiga hapo hapo.

Wazee walipokuja kumaliza msiba, Bibi Kikoti ndiye aliyeongea wa kwanza na wa mwisho. Pikapu ikawa ya Mama Neema na wanawe. Mashemeji waliinamia soda zao. Mama Neema akajifunza kuendesha, na mimi nilimfundisha kuingiza kinyumenyume kwenye nafasi, na tukahakikisha nafasi mpya haina mfuniko chini. Anaendesha vizuri kuliko marehemu, na nilimwambia hivyo.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya kufunga mnyororo ulizeni nani anaruhusiwa kuugusa huu mzigo. Wakati mwingine ni wewe, na wakati mwingine si wewe hata ukiwa na barua ya ofisi. Na kama ni wewe, usiogope. Panda ngazi.

Siku kibali kilipobadilishwa kuwa cha jina la Mama Neema, ile stika ya zamani ilibidi ikwanguliwe. Bibi Kikoti alikuwa anajiandaa kurudi Kilolo. Alishuka kwa mkongojo, akasimama pembeni wakati naibandua kwa wembe, taratibu isichanike. Akaipokea, akalitazama jina la mwanawe, kisha akanipa. "Pikapu huipati, Mgogo," alisema. "Lakini ahadi ni ahadi."

Iko hapa Gulwe, kwenye mlango wa banda langu. Jua limeshaanza kuipausha pembeni, kuelekea katikati, kama ipasavyo stika halisi. Kila asubuhi nikifungua nasema, "Kamwene, Mhehe," na kuku wanatoka kelele tupu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa mnyororo.